Kati ya Halipo na Sijaliona

Katika miaka yote niliyomfahamu, sikumsikia Mtunza Stoo akisema kitu hakipo. Umwulize spana, umwulize kitabu cha mapokezi cha mwaka juzi, umwulize miwani yako uliyoisahau juu ya mzani, jibu lilikuwa lile lile: "Bado sijakiona." Halafu anainuka, anakwenda kutafuta. Wenye haraka jibu hilo liliwachosha, na mimi nilikuwa wa kwanza wao. Mimi nataka ndiyo au hapana. Ndivyo nilivyofika hapa nilipo, na hapa nilipo si padogo.

Jina lake ninalo, ila pale kiwandani Nyakato hakuna aliyelitumia. Vibarua walimwita Bwana Stoo, makarani walimwita Mtunza Stoo, mimi nilimwita Mzee, kwa sababu alinizidi umri. Asubuhi tukikutana wawili getini nilimpa shikamoo yake. Mbele ya wageni sikumpa, nilisema tu "habari za kazi, Mzee," naye aliitikia bila kuonyesha kwamba kuna kilichopungua. Yeye aliniita Tajiri. Hakuniita Bosi hata siku moja. Bosi, alisema, ni mtu wa kuajiriwa kama yeye.

Nieleze kidogo mimi ni nani, ili ieleweke alikuwa akifanya kazi kwa mtu wa aina gani. Nilianza na baiskeli. Nilibeba mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki minofu ikishatolewa, kutoka kwenye viwanda vya watu hadi kwa kina mama waliokuwa wakiyakaanga huku Nyakato. Shule yangu ni darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini serikali ilipotoa ruhusa kwamba kila mtu anaweza kununua na kuuza, waliosoma walikuwa bado wanalisoma tangazo, mimi nimeshanunua gari. Baada ya gari nikajenga chumba cha baridi. Baada ya chumba cha baridi nikanunua boti tatu za kukusanya samaki mialoni, kule ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, na watu walionicheka nikiwa na baiskeli wakaja kuomba kazi ya kupima uzito. Niliwapa. Sina kinyongo na mtu anayejua kupima.

Yeye alikuja kuomba kazi akiwa na barua iliyomfukuza. Wengine huficha barua ya namna hiyo; yeye aliiweka mezani kwangu kabla hajakaa, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ametunza ghala la ushirika wa pamba kwa miaka mingi. Ushirika ulipoanza kupunguza watu, siku ya makabidhiano kitabu kimoja hakikuonekana, na barua ikasema anaachishwa kwa kosa la kupoteza kumbukumbu.

"Nimeileta mwenyewe," alisema, "kabla hujaisikia kwa watu."

"Ulikipoteza kweli?"

"Vitabu vyote walivirundika chumba kimoja, wakaingia watu kumi kuhesabu. Mimi bado sijakiona."

"Sasa hiyo barua unaitunza ya nini?"

"Ili nisipate ya pili, Tajiri."

Nikamwajiri palepale. Mtu anayeogopa kitu kimoja tu ni rahisi kumtumia. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni aibu kuliandika.

Alikuwa na mazoea ambayo ukiyataja unadhani unamtania. Misumari iliyopinda aliinyoosha. Kamba za magunia alizifungua fundo kwa fundo, akaziviringisha, akaandika urefu wake kwenye kikaratasi. Mfukoni alikuwa na kopo dogo la bati lenye kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa za kwao Kagera. Alikutafunia moja mbele yako akikusikiliza, na ukimkaribisha soda alikuambia ameshakunywa kahawa yake kwa meno. Umeme aliuogopa. Kuchomoa waya ukutani alifunga mkono kwa gazeti kwanza. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na waliomsikia wanasema ukuta ulitetemeka, lakini kazini sauti yake ulikuwa huisikii hatua tano.

Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kusahihishia. Nyekundu aliitumia kwenye maandishi yake mwenyewe na ya walio chini yake, basi. Niliwahi kumpa tangazo nililoliandika kwa mkono wangu, libandikwe getini, limejaa makosa, ninajua sasa. Alilisoma, akalikunja, akaenda kulinakili upya kwa bluu, makosa yote yametoweka, akalibandika. Nilipita pale nikalisoma nikajisifu moyoni kwamba kumbe naandika vizuri.

"Aliye juu hasahihishwi," karani mmoja aliniambia amemsikia akisema. "Ananakiliwa."

Stoo yake ilikuwa na kidirisha cha wavu chenye tundu la kupitishia mkono. Unafika, unataja unachotaka, anakuletea, unatia saini. Kuingia ndani, hakuna. Siku moja nilikuja na haraka, gari limeharibikia barabara ya Buswelu, nikataka kuingia nichukue mkanda wa injini mwenyewe. Alikaa mlangoni.

"Tajiri, niambie unataka nini nikuletee."

"Mzee, kiwanda hiki ni cha nani?"

"Chako."

"Na stoo?"

"Stoo yangu mpaka saa kumi jioni. Saa kumi nakukabidhi funguo, ukitaka unaingia mpaka asubuhi."

Vibarua walikuwa wanasikia. Nikataja mkanda, akauleta kabla sijamaliza kukasirika. Nilitia saini kama mtu mwingine yeyote.

Nalisimulia hilo kwa sababu ya kilichofuata. Mtu huyo huyo aliyenizuia mimi mwenye mali kuingia stoo, kompyuta zilipokuja alitaka kila mtu aingie.

Zilikuja kwa sababu ya wanunuzi wa nje. Miaka ya mwanzo walikuwa wananunua samaki. Baadaye wakaanza kununua samaki na habari zake: ametoka mwalo gani, boti gani, barafu kiasi gani, nani alimpima. Madaftari yakashindwa. Nikamleta fundi wa kompyuta kutoka Dar, kijana anayeongea haraka, mwenye mkoba wa disketi. Mimi nilitaka kompyuta moja kubwa ofisini kwangu, kila kitu ndani yake.

Mtunza Stoo akaomba kusema.

"Chumba kimoja tena?" akauliza.

Ndiye aliyemfanya fundi afunge mashine tatu katika nyumba tatu za kiwanda: Mapokezi, samaki wanaposhushwa, Maabara, wanapopimwa, na Ofisi. Waya ukapita juu ya mabati kuziunganisha. Kila faili la mzigo likawa linalala nyumba mbili, ili mashine moja ikifa nyingine iwe nalo. Kwa umri ule alijifunza kompyuta kwa wiki chache, kwa kukiita kila kitu jina la stoo. Diski ilikuwa ghala. Faili lilikuwa gunia. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, na hilo lilimfurahisha mno. Alisema hatimaye ameona mashine isiyopenda maneno mengi. Jina la mwalo na namba ya mzigo, basi.

Likabaki swali la makarani wayafikieje hayo mafaili. Fundi alitukalisha mezani, mimi na Mzee, akatueleza njia mbili.

"Njia ya kwanza," alisema, "kompyuta ya karani inaijua mashine moja tu, ya Ofisi. Karani anaandika jina la faili, mashine ya Ofisi inakwenda yenyewe kutafuta huko lilipo, inamletea. Rahisi, hakuna cha kuweka kwenye kompyuta za makarani."

"Kama kidirisha," nikasema.

"Kama kidirisha, bosi. Ya pili, kila kompyuta naiwekea programu inayozijua mashine zote tatu. Karani akifungua anaona mafaili yote yamepangwa mbele yake kama rafu moja, anachagua kwa macho. Mashine moja ikizimika, programu inachukua nakala kwenye nyingine, hata hajui. Ila ni kazi. Lazima niiweke kompyuta moja moja, na mkiongeza mashine ya nne narudi kuzigusa zote."

Mimi sikuhitaji kufikiri. Biashara yangu yote nimeijenga kwa kuhakikisha kila kitu kinapita mbele ya macho yangu. Nikasema kidirisha.

Mzee alitafuna buni yake mpaka ikaisha.

"Rafu, Tajiri," alisema.

"Wewe? Wewe uliyenikalia mlangoni?"

"Mkanda wa injini mtu akiushika anaweza kuondoka nao. Faili akilitazama linabaki. Fundi, si unaweza kuwaruhusu wasome bila kubadilisha?"

"Naweza."

"Basi macho yaingie, mikono ibaki nje. Kidirisha kinamtaka mtu ajue kuuliza. Mimi nimekaa kidirishani miaka mingi, najua watu wanavyouliza. Mtu anataka nati, anasema bolti. Mimi ni mtu, namtazama mkononi kashika nini, namletea nati. Hiyo mashine haitamtazama mkononi."

Nikacheka. "Basi ajifunze kusema nati."

Hakubishana, kama kawaida yake mkubwa akishaamua. Ila aliomba jambo moja. Fundi alikuwa ameandika programu ikikosa faili ioneshe kwenye kioo neno HALIPO. Mzee akaomba ioneshe SIJALIONA.

"Mashine haijui kama halipo," alisema. "Inajua tu haijaliona kwa jina hilo."

"Mzee, mteja akija hapa aambiwe na kompyuta 'sijaliona' kama kibarua mvivu?"

Fundi alikuwa anasubiri huku mkono uko kwenye kibodi. Nikamwambia aache HALIPO.

Na kweli njia yangu ilifanya kazi. Zaidi ya mwaka mzima ilifanya kazi, na kila aliyenitembelea nilimwonesha. Makarani walikuwa wanaandika majina kutoka kwenye orodha aliyoichapa Mzee, iliyobandikwa Mapokezi. Nikaamuru karatasi za maabara ziache kuchapwa, maana tuna kompyuta. Sikuwahi kukaa kwenye kibodi mwenyewe. Sikuwa na haja.

Siku ya mkaguzi nilikaa.

Alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo, ametumwa na wanunuzi wetu wa nje. Mpole, Kiswahili chake cha salamu na hesabu. Minofu ilikuwa imeshafungwa kwenye maboksi, inasubiri kwenda uwanja wa ndege. Akaingia chumba cha baridi, akachomoa boksi moja katikati ya rundo, si la juu si la chini, akasoma muhuri: mwalo wa tatu, mzigo wa kumi na nne.

"Nataka karatasi ya hii," akasema.

Mtunza Stoo hakuwapo. Nilikuwa nimemtuma kituo cha mabasi Nyegezi kupokea kifurushi cha disketi kutoka Dar. Makarani niliwatoa nje, nikisema mgeni apate nafasi ya kukaa. Ukweli wenyewe nilitaka aone kwamba mwenye mali anaijua mali yake. Na mwalo wa tatu naujua. Nimekula ugali huko Ukerewe kabla sijawa mtu. Nikavuta kiti. Kwa kidole kimoja nikaandika: LUGEZI14. Herufi sita na tarakimu mbili, nane kamili.

Kioo kikajibu HALIPO.

Nikaandika tena. HALIPO. Mkaguzi akatabasamu, tabasamu la kunisubiri. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mzee, anapiga kutoka kwenye duka moja kule Nyegezi.

"Tajiri, basi limechelewa, lakini kifurushi nimekipata."

"Mzee, faili la Lugezi kumi na nne liko wapi?"

"La Rugezi? Lipo. Lipo nyumba mbili, Mapokezi na Maabara."

"Halipo."

"Umeliandikaje?"

"Lugezi, moja, nne."

"Hujaacha nafasi katikati?"

"Sijaacha. Lugezi, moja, nne, vimeshikana."

"Basi lipo, Tajiri. Nimeliona jana kwa macho yangu. Rugezi, moja, nne."

"Ndivyo nilivyoandika. Mgeni ananitazama hapa."

"Haijaliona tu. Jaribu tena, andika Rugezi polepole."

"Nimeandika Lugezi mara tatu sasa."

"Sawasawa," akasema. "Hivyo hivyo."

Simu ikakatika. Nikaandika mara ya nne. Mkaguzi aliandika maneno machache kwenye daftari lake, akanipa mkono, akaondoka. Mzigo haukuondoka. Minofu ya kwenda ng'ambo ililiwa Nyakato wiki ile, na walioila waliisifu.

Hasira yangu huwa haingoji. Kabla Mzee hajarudi nilikuwa nimeshamwita mpiga chapa. Barua ilisema anaachishwa kazi kwa kosa la kupoteza kumbukumbu za mzigo. Nilichagua maneno yale kwa kuwa niliyakumbuka, na niliyakumbuka kwa kuwa aliwahi kuyaweka mezani kwangu. Hilo nililifahamu wakati naliamuru liandikwe.

Alifika baada ya saa sita, kifurushi kwapani. Makarani na vibarua walikuwa wamesimama barazani, mama wa Maabara yuko mlangoni kwake na koti jeupe. Nikampa barua mbele yao. Aliisoma kwa utulivu, kama anavyosoma hati ya kupokea mizigo, mpaka chini kwenye saini.

"Naweza kuingia mara moja kwenye mashine?" akauliza.

"Ukafanye nini? Ukaliandike sasa?"

Aliwatazama waliosimama barazani, akanitazama mimi. Nilidhani atajitetea. Akasema tu, "Halikupotea, Tajiri. Limeulizwa vibaya."

"Nani aliyeuliza vibaya?"

Aliweka disketi mezani, akaweka funguo za stoo juu yake, akazihesabu kwa sauti ili nizisikie. Akachukua kopo lake la kahawa. Mlinzi wa getini, Msukuma mwenzangu aliyezoea kumwiga matamshi kila asubuhi, siku ile alimfungulia geti bila utani.

Mimi sikukosa usingizi. Watu huja na kuondoka. Stoo nilimpa mtu mwingine, ambaye aliruhusu kila mtu kuingia, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nanunua spana mara mbili mbili.

Kisha mashine ya Ofisi ikaungua, radi ilipopiga. Mafaili yote yalikuwa salama kwenye zile nyumba mbili, kama Mzee alivyopanga, na hakuna karani aliyeweza kuyafikia, kwa sababu kidirisha chenyewe ndicho kilichoungua. Tulikaa siku nne tukisubiri fundi. Alipofika hakuniuliza nataka njia gani. Aliweka rafu kwenye kompyuta zote, nami nikamlipa.

Mama wa Maabara ndiye aliyeifungua kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Majina yakajipanga kwa alfabeti, mwalo baada ya mwalo, akawa anayashusha taratibu kwenye kioo. Akapita L. Akaendelea. Akafika R, akasimama.

"Tajiri," alisema, "ile siku ya mgeni uliandika nini?"

Yalikuwapo yote. RUGEZI01, RUGEZI02, mpaka mwisho. La kumi na nne lilikuwa kati ya la kumi na tatu na la kumi na tano, limekaa tu. Alilifungua. Mwalo, boti, barafu, saa ya kupimwa, saini yake yeye mwenyewe mama wa Maabara. Hakuna kilichopungua.

Kwetu sisi Wasukuma R na L ni mtu na ndugu yake. Ukimwita mmoja anaitika yeyote. Maisha yangu yote nimesema Lugezi na wavuvi wa kule wamenielewa. Mzee naye, mtu wa Kagera, R yake ilikuwa inasikika mpaka getini. Miaka yote nilisema L, akasikia L, akaandika R, bila kunionesha, kama alivyolinakili lile tangazo. Alizoea kunisahihisha sikioni mwake mwenyewe. Kwa hiyo siku ile kwenye simu nilisema Lugezi mara nne na yeye alisikia Rugezi mara nne, akaniambia sawasawa, hivyo hivyo. Tulikuwa tunakubaliana.

Nilimwambia mama wa Maabara afunge lile faili. Akalifunga. Hakumwambia mtu, najua, maana ningesikia.

Ulipita karibu mwaka kabla sijaenda. Sitatafuta sababu. Nilikuwa na shughuli nyingi, na ni kweli nilikuwa nazo. Ningetaka ningekwenda siku ile ile. Nilishasikia alipo. Alikuwa Buswelu, anatunza stoo ya dawa kwenye zahanati ndogo ya kanisa. Walimchukua kwa huruma, nikaambiwa, baada ya sehemu tatu kumkataa. Kila alikokwenda alianza kwa kuweka mezani barua zake, sasa mbili.

Barua ya tatu niliiandika mwenyewe, kwa mkono. Mpiga chapa ninaye, lakini sikutaka aione. Niliandika asubuhi nzima. Waliosoma wanadhani kuandika ni jambo dogo.

Nikamkuta nyuma ya kidirisha cha wavu, kile kile, au mtoto wa baba mmoja na kile. Foleni ya watu sita mbele yangu, kina mama na vyeti vyao vya dawa. Nikapanga mstari. Waliponitambua wakataka kunipisha, nikakataa. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo, Mzee."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na watu wanasikia.

"Marahaba, Tajiri. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeleta karatasi."

Nikataka kuipitisha kwenye tundu. Hakuipokea. Alinitazama kidogo, kisha nikasikia komeo la mlango wa pembeni.

"Zunguka," alisema. "Pita ndani."

Katika miaka yote ile sikuwahi kuiona stoo yake kutoka ndani akiwa kazini. Makopo yalitazama upande mmoja. Misumari ilikuwa imenyooshwa. Kwenye rafu ya juu, kando ya daftari la mapokezi, niliuona ule mfuko wa plastiki.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua kwenye gari, narudi kutoka Nyegezi. Kondakta alikuwa anaita abiria wa Igoma, na abiria mmoja akamtania, akamwita 'kondakita wa roli', yaani wa lori. Nikasema, basi, ndiyo hiyo."

"Mbona hukusema pale?"

"Ulikuwa na watu wako, Tajiri."

"Na barua ukaichukua."

"Nikaichukua."

Nikampa ya kwangu. Aliisogeza kwenye mwanga wa kidirisha, akaisoma kama kawaida yake, hati ya kupokea mizigo, mpaka chini kwenye saini. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba faili la mzigo wa kumi na nne wa Lugezi halikupotea, lilikuwapo siku zote, na aliyeliuliza vibaya ni mimi mwenye kiwanda, na barua ya kwanza niliyomwandikia ifutwe.

Alirudi juu, akasoma tena mstari mmoja. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukagusa kalamu nyekundu, ukasimama hapo. Wale kina mama walikuwa wanasubiri nje ya wavu.

"Sahihisha, Mzee," nikasema.

Akaitoa. Akapiga mstari mmoja juu ya L yangu, mwembamba, na juu yake akaandika R. Hapakuwa na kosa hilo tu, najua, lakini mengine aliyaacha.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. "Mzigo wa kumi na nne wa Lugezi."

Akacheka, kicheko cha besi ambacho kazini sikuwahi kukisikia.

"Mdomo uache," alisema. "Kinachoulizwa ni karatasi."

Aliitia ndani ya ule mfuko wa plastiki, juu ya zile mbili, akaurudisha mahali pake. Kisha akarudi kidirishani.

"Haya, anayefuata," akasema. "Taja jina la dawa, mama. Au kama hulijui, njoo unionyeshe."